Ukitundika daluga Dodoma na kushika filimbi

Wachezaji wengi wa soka wa Dodoma wakitundika daluga, yaani wakistaafu kucheza, hawapumziki hata msimu mmoja. Timu ya mtaa haina mwalimu, jina la mstaafu linajulikana kuanzia Majengo hadi Nkuhungu, basi anakabidhiwa filimbi na mipira minne na kuambiwa vijana ni wake. Baada ya miezi michache wengi wamekwama, na wakiulizwa watasema vijana wa siku hizi hawasikii. Vijana wanasikia. Kinachokwamisha ni kwamba alichokijua mwalimu wao kilikaa miguuni kwa miaka mingi, na sasa kinatakiwa kitoke mdomoni, kwa mpangilio, kwa watu zaidi ya 20 wenye miili tofauti, juu ya uwanja wa udongo mgumu wenye upepo. Hiyo ni fani nyingine na inasomwa kama fani yoyote. Aliyecheza anaianza akiwa na faida moja kubwa na mizigo kadhaa asiyoiona.

Faida ni kwamba ameshaonja. Anajua mguu unavyokuwa mzito dakika ya 75, anajua beki anavyopotea mchezoni akikosolewa mbele ya mashabiki, anajua kimya cha chumba cha kubadilishia nguo baada ya kupigwa tatu bila. Mwalimu asiyecheza huchukua miaka kuyafahamu hayo. Mzigo mkubwa kuliko yote ni kwamba kadiri ulivyokuwa fundi wa jambo, ndivyo unavyokuwa hujui unalifanyaje. Kiungo aliyecheza miaka 15 hupokea mpira akiwa ameshageuka nusu na ameshaona nani yuko mgongoni. Kijana wa miaka 16 akimuuliza, "Mwalimu, unafanyaje?", atajibu "angalia hapa", atafanya vizuri sana, na kijana atatazama mpira, kwa sababu kila mtu hutazama mpira. Hatakuwa amejifunza kitu. Siri ilikuwa shingoni, sekunde moja kabla mpira haujafika.

Dawa ni simu. Mwombe mtu akurekodi ukipokea pasi kumi, akiwa amesimama pembeni yako, kamera usawa wa kiuno. Itazame polepole na uandike kila kilichofanywa na mwili wako kwa mfuatano wake. Usiandike "utulivu" wala "akili ya mpira", maana hayo hakuna anayeweza kuyafanyia zoezi saa kumi jioni. Kwenye kupokea tu utakuta mambo manne. Unatupa jicho juu ya bega mpira ukiwa bado kwa mpigaji, na mara ya pili ukiwa njiani. Nyonga zako zimefunguka, kidole gumba cha mguu mmoja kinaelekea goli la wapinzani. Unauacha mpira ukatize mbele ya mwili na kuugusa kwa mguu wa mbali. Na mguso wa kwanza unausogeza mpira hatua moja na nusu, upande ambao mkabaji hayupo. Ukishayapata manne, unafundisha moja moja. Mwalimu anayepiga kelele "geuka, angalia, fungua mwili, cheza haraka!" kwa pumzi moja hajafundisha hata moja kati ya hayo.

Zoezi lake ni hili, na linafaa kuanzia watoto wa miaka 11 hadi timu ya ligi ya mkoa. Koni tatu kwenye mstari mmoja, mita 10 kati ya koni na koni. Wa kwanza ana mpira, wa kati anapokea na kugeuka, wa tatu anapokea na kuanza kurudisha kwa njia ile ile. Watatu kwa mpira mmoja, kwa hiyo watu 24 wanahitaji mipira minane. Ukiwa na minne tu, tengeneza makundi ya watu sita: watatu wanacheza, watatu wanapiga danadana au mazoezi ya tumbo, wanabadilishana kila dakika moja. Foleni ya watu kumi wakisubiri mpira mmoja ndiyo inayoua mazoezi mengi ya mitaani. Kijana anaondoka baada ya saa moja na nusu akiwa amegusa mpira mara 20.

Dakika nne za kwanza unatumia neno moja: "Bega!" Wa tatu anainua vidole juu, na wa kati lazima ataje ni vingapi kabla hajagusa mpira. Hapo hakuna anayedanganya, ama ametazama nyuma ama hakutazama. Dakika nne za pili neno linabadilika kuwa "Mguu wa mbali!" Kisha unaleta mkabaji mgongoni mwa wa kati: mara ya kwanza anatembea, halafu anakuja kwa nusu ya kasi, mwisho anakaba kama kwenye mechi. Ukianza na mkabaji wa kasi kamili, kijana atarudi kwenye tabia yake ya zamani ili asinyang'anywe, na utakuwa umefundisha woga.

Kinachoharibika kwenye zoezi hili mara nyingi si kosa la anayepokea. Pasi imepigwa mguu wa karibu, naye amelazimika kujifunga, msahihishe mpigaji. Au wa kati amesimama juu ya koni kama mlingoti akisubiri; mwambie aondoke hatua mbili, arudi kuufuata mpira, ndipo mkabaji anaachwa. Halafu kuna uwanja wenyewe. Viwanja vyetu vina kokoto na vishimo, na mpira hudunda ukiwa umebakiza mita moja kufika. Aliyekita mguu chini utampita au utamruka. Kwa hiyo Dodoma tunafundisha jambo la tano: unyayo uinuliwe kidogo kutoka ardhini, kifundo kilegee, na mguu urudi nyuma ukiusindikiza mpira. Vitabu vya ukocha vilivyoandikwa kwa nyasi laini havilitaji sana, lakini kijana wa Chang'ombe asiyelijua ataonekana hana kipaji kumbe anapambana na kokoto.

Uwanja ndio unaoamua mengi kuliko mfumo utakaouchora. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Ikifika Juni uwanja wa mtaa ni kama sakafu. Aliyezoea kucheza kwenye nyasi za uwanja wa Jamhuri akija kufundisha Kizota anawaambia vijana walete njumu zenye meno marefu, na ndani ya mwezi mmoja, nusu ya timu inalalamika ugoko na visigino. Ardhi kavu inataka meno mafupi na mengi, ili uzito usambae. Kijana asiye na uwezo wa kununua afanye mazoezi na raba za kawaida zenye soli ya mpira inayoshika. Ni bora kuliko njumu ya mtumba yenye meno sita.

Mpira nao ujazwe kwa kipimo cha ardhi. Sheria inaruhusu shinikizo kati ya 0.6 na 1.1 za angahewa, na mpira namba 5 uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70. Watu wengi hujaza hadi uwe jiwe, kwa kudhani ndiyo ubora. Kwenye ardhi ngumu jaza karibu na kiwango cha chini. Huna kipimo? Uangushe kutoka usawa wa kichwa: ukirudi karibu na kiuno unafaa, ukirudi kifuani punguza upepo. Na sindano ya pampu iloweshwe kabla ya kuingizwa, kwa sababu sindano kavu huchana valvu, na mpira uliochanika valvu haushoneki.

Adui mwingine ni mbigili. Mmea wenyewe unatambaa chini na maua madogo ya njano, unaonekana hauna madhara, kisha ukikauka unaacha miiba migumu inayotoboa mpira wa bei kubwa siku ya kwanza. Ung'olewe na mizizi mwezi wa nne, ukiwa bado kijani na kabla haujaangusha mbegu. Ukisubiri hadi Julai utafagia kila wiki na bado hutaimaliza. Timu inayotenga asubuhi moja ya Jumamosi, watu wote na majembe, inaokoa mipira ya msimu mzima.

Kuteleza kukaba kwenye ardhi hii ni kujichuna. Mfundishe beki kukaba akiwa amesimama: akaribie kwa kasi, apunguze hatua akiwa amebakiza mita mbili, ainame magotini, mguu mmoja mbele, amsukumie mshambuliaji upande wa mstari. Kidonda cha mchubuko kioshwe palepale kwa maji mengi na sabuni hadi mchanga wote utoke, ndipo kifunikwe. Kinachozoeleka ni kumwagia spiriti juu ya mchanga na kuendelea, na siku tatu baadaye paja limevimba.

Upepo unastahili kufundishiwa peke yake, na ajabu ni wachache wanaoufanyia mazoezi. Miezi ya kiangazi unavuma kutoka kusini mashariki, mkali mchana, na mara nyingi hutulia jua likikaribia kuzama. Mechi nyingi zinaanza saa kumi jioni, maana yake kipindi cha kwanza ndicho chenye upepo wa kweli. Nahodha akishinda sarafu, sheria inampa achague goli la kushambulia au achague kuanza na mpira. Achague goli, na acheze na upepo mgongoni kwanza, kwa sababu kipindi cha pili wapinzani huenda wasiupate tena. Ukiwa na upepo, pasi ndefu inampita straika na kutoka nje, hivyo pasi zipigwe miguuni na mashuti yapigwe hata kutoka mita 25, maana mpira unabadilika njiani na kipa wa mtaani haupendi. Ukicheza dhidi yake, goli kiki ndefu husimama hewani na kurudi kwenye kiungo chako ikiwa ya adui. Anza kwa pasi fupi kwa beki wa kati. Mabeki wasogee mita tano nyuma zaidi wanaporuka kichwa, kwa kuwa mpira wa juu wa mpinzani utawapita vichwani. Siku moja ya wiki geuza mazoezi ya kona na krosi ili yapigwe kwenye upepo halisi, pande zote mbili. Kipa ajifunze kuchelewa nusu hatua kabla ya kutoka. Na jua la jioni likae akilini pia, kwa sababu kipa anayetazama magharibi saa kumi na moja anahitaji kofia.

Maji: ndoo moja ya lita 20 kwa watu 22 haifiki lita moja kwa kila mtu. Julai inatosha. Oktoba na Novemba, joto likizidi nyuzi 30, leta mbili, na simamisha mazoezi kila dakika 20 watu wote wanywe, si wenye kiu peke yao. Ile imani kwamba anayenyimwa maji anakuwa ngangari imewaangusha vijana wengi na haina msingi wowote. Kijana akianza kuongea ovyo au kuyumba, mweke kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mpepee, na tafuta usafiri wa hospitali wakati huohuo.

Sasa ratiba ya wiki. Wachezaji wa ligi ya wilaya na ya mkoa Dodoma ni waendesha bodaboda, wauza duka, wanafunzi, na tangu serikali ihamie huku, mafundi na vibarua wa ujenzi Mtumba na Ihumwa. Mwenye kubeba zege tangu asubuhi anafika uwanjani akiwa ameshamaliza mazoezi yake. Aliyecheza Ligi Kuu anasahau hili, anawapa ratiba aliyoikuta kwenye klabu iliyokuwa ikiwalaza kambini, na wiki ya tatu misuli ya nyuma ya paja inaanza kuchanika mmoja mmoja. Njia rahisi ya kuwapima haihitaji mashine. Nusu saa baada ya mazoezi muulize kila mmoja, ugumu wa leo ni ngapi kati ya 1 na 10? Zidisha na dakika. Dakika 90 kwa ugumu wa 6 ni 540. Andika kwenye daftari, jumlisha kwa wiki, na usipandishe jumla ya timu kwa kuruka. Ongezeko la sehemu moja ya kumi linatosha. Anayekupa 9 siku ambayo wenzake wamekupa 5 anaumwa, hakula, au ameshinda kazini. Ongea naye kabla hujampanga.

Mechi ikiwa Jumamosi, Jumapili watu wapumzike. Jumatatu waliocheza wafanye dakika 40 nyepesi, na waliokaa benchi wapewe mechi ndogo ya nguvu, la sivyo utakuwa na wachezaji 11 wazima na 9 wasio na pumzi. Jumatano ndiyo siku ngumu: wanne kwa wanne kwenye eneo la mita 30 kwa 20, dakika nne, pumziko dakika mbili hadi tatu, mara nne. Hapo pumzi na mpira vinakwenda pamoja, na huna haja ya kuwazungusha uwanja. Kuzungusha watu uwanja kama adhabu ni urithi mbaya tuliouchukua kwa walimu wetu. Kijana anajifunza kuchukia kukimbia, kitu ambacho ndiyo kazi yake. Alhamisi timu nzima, eneo kubwa, jambo moja la mbinu. Ijumaa dakika 50, mipira ya kutenga, basi. Msimu wa kilimo ukianza Desemba tegemea vijana wa Hombolo, Bahi na Kongwa kukosekana siku za katikati ya wiki. Panga zoezi lako kuu siku watakayoweza kufika, na usimwadhibu mtu kwa kulima chakula cha nyumbani kwao.

Kupasha misuli moto kuna programu ya FIFA iitwayo 11+ ambayo kila mwalimu aliyecheza enzi za kuzunguka uwanja mara tatu na kunyoosha viungo aitumie. Inachukua dakika 20, ina mazoezi 15: dakika 8 za kukimbia polepole na kufungua nyonga, 10 za nguvu, mizani na kuruka, 2 za kukimbia kwa kasi. Tafiti zimeonyesha timu zinazoifanya angalau mara mbili kwa wiki hupunguza majeraha kwa takribani theluthi moja. Ndani yake kuna zoezi la misuli ya nyuma ya paja ambalo watu huliruka kwa sababu linauma: mmoja anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, naye anashuka mbele polepole mwili ukiwa umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, akijizuia kadiri awezavyo, kisha anajipokea kwa mikono. Anayeanza afanye 3 hadi 5 tu. Ukimpa 15 siku ya kwanza hatatembea siku mbili na hatalirudia tena. Kwa timu za wasichana, ambazo Dodoma zinazidi kuongezeka, sehemu ya kuruka na kutua ndiyo ya kusisitiza: magoti yasiingiane wakati wa kutua, kwa kuwa kano za ndani ya goti huchanika zaidi kwa wanawake.

Watoto ni kazi nyingine kabisa, na ndiko wengi wangeanzia. Mpira namba 4 kwa wa miaka 8 hadi 12, mechi za watano kwa watano au saba kwa saba, kila mtoto acheze kila nafasi. Mwenye miaka 13 aliyekomaa mapema atafunga magoli kwa kifua na kasi, nawe utamsifia. Akifika 17 wenzake wamemfikia na yeye hakujifunza kupokea mpira. Mpe nafasi ya kiungo, katikati ya watu. Usimpunguzie mtoto umri hata wazazi wakikuomba: mashindano ya vijana chini ya miaka 17 hupimwa kifundo cha mkono kwa kipimo cha MRI, na aliyekatwa hapo ameumia yeye, si aliyemwandikia cheti. Usibaki na mtoto peke yako, usimpigie simu usiku, safari ya UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi) au ya kirafiki mzazi aijue kwa maandishi.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye daftari lolote: wenzako. Juzi mlikuwa mnakula pamoja, leo unampanga au unamweka benchi. Wengine huchagua kucheza na kufundisha kwa wakati mmoja. Kwenye timu ya mtaa hilo huwezekana kwa miezi michache, ila ukiwa ndani ya uwanja unaona mita 15 zilizokuzunguka na huoni kwamba beki wa upande wa pili anabaki peke yake kila shambulizi. Amua. Ukishaamua, acha kuingia kwenye mechi za mazoezi, maana kila ukiingia unakuwa mchezaji bora na hakuna mtu anayetazama kinachoendelea. Rafiki yako mwite pembeni kabla ya msimu, mwambie kwa jina lake kwamba nafasi itatoka kwa mazoezi, na akikosa nafasi asikie kwako siku moja kabla, si kwenye orodha ubaoni. Anayekuita kwa jina la utani mbele ya vijana mwache. Akianza kuchelewa kwa kutegemea urafiki, sheria ya kuchelewa imkute kama wengine. Na ujihadhari na nafasi uliyoicheza. Aliyekuwa beki hupanga mabeki vizuri na kuwaacha washambuliaji wajitegemee. Tafuta msaidizi aliyecheza upande usioujua.

Siku ya mechi mapumziko ni dakika 15 na hayazidi. Tatu za kwanza kimya, maji. Mbili unazungumza na msaidizi wako. Tano unaongea na timu, jambo moja la kukaba na moja la kushambulia, ukichora kwa kijiti mchangani kama ubao haupo. Zinazobaki ni za mtu mmoja mmoja. Ukiingia na mambo saba wataondoka na hasira yako tu. Mashindano yanayoruhusu kuingiza wachezaji watano wa akiba yanatoa nafasi tatu za kusimamisha mchezo, mapumziko hayahesabiki. Ukibadili mmoja mmoja mara tatu, wawili wamebaki benchi kwa kutojua kwako.

Kuhusu leseni ya ukocha, ngazi za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinapanda kutoka D, C, B, A hadi Pro, na kozi huandaliwa na TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Aliyecheza Ligi Kuu haruki ngazi kwa sababu ya jina. Anza kuuliza kozi ya D kupitia chama cha soka cha mkoa, DOREFA, ukiwa bado unacheza, msimu mmoja au miwili kabla ya kustaafu, kwa kuwa nafasi huwa chache na ada hulipwa na mtu mwenyewe mara nyingi. Kozi inakupa kile kilichokosekana miguuni: kupanga mazoezi kwa maandishi, kusimama mbele ya watu na kusahihishwa. Kadiri ligi inavyopanda ndivyo leseni inayotakiwa kwa kocha mkuu inavyopanda, na kanuni hutolewa kila msimu. Zisome mwenyewe, usisikilize za vijiweni.

Njia za waliotangulia zinafanana kwa jambo moja, walikubali kushuka kwanza. Mecky Mexime, beki wa Mtibwa Sugar iliyotwaa ubingwa 1999 na 2000 na nahodha wa Taifa Stars, alianza kufundisha hapo hapo Mtibwa, akaenda Kagera Sugar na Ihefu kabla ya kufika Dodoma Jiji. Selemani Matola, nahodha wa zamani wa Simba, alifundisha vijana wa Simba, akaenda Iringa na kuifikisha Lipuli fainali ya Kombe la Shirikisho 2019, ndipo akarudi Simba kama msaidizi. Juma Mgunda alikuwa Coastal Union iliyochukua ubingwa 1988, akaifundisha klabu hiyo hiyo, na alipoitwa Simba Septemba 2022 alikuwa na miaka ya kutosha ya benchi dogo. Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu 2020 na vijana wengi wa huku wanaitazama kama mlango. Mlango upo, lakini ngazi zake zinaanzia timu za vijana, za shule na za ligi ya mkoa.

Huko chini hela ni ya nauli na posho, na klabu nyingi hulipa zikipata. Usiache kazi nyingine misimu miwili ya mwanzo. Shule binafsi za Dodoma zenye vipindi vya michezo hulipa kwa mwezi na hazikufukuzi kwa kufungwa mechi tatu. Klabu ikikutaka, dai maandishi hata kama mwenyekiti ni jirani yako: kiasi, tarehe ya kulipwa, posho ya ushindi na ya sare, nani analipia matibabu ya wachezaji, notisi ya mwezi mmoja kwa pande zote, na fidia wakivunja kabla ya wakati. Andika pia nani mwenye kauli ya mwisho kwenye usajili na kwenye kikosi, maana ugomvi mwingi wa makocha na viongozi unaanzia kwa mtoto wa mtu aliyeingizwa kikosini kwa nguvu. Sahihi ziwe mbili za klabu, mwenyekiti na katibu, pamoja na shahidi, na nakala moja ibaki nyumbani kwako.